Kuumia uti wa mgongo na kuishi tena: maswali tunayoulizwa mara kwa mara na familia za Tanga

Maswali haya tumeyasikia wodini katika hospitali ya Bombo, kwenye baraza za Ngamiani na Makorora, na vijijini Muheza na Pangani, ambako mtu ameruhusiwa hospitali akaingizwa nyumbani mgongoni kwa kaka yake kwa sababu kiti hakipiti mlangoni. Habari za mfupa, upasuaji na picha za mgongo zina wataalamu wake. Hapa tunazungumzia zaidi moyo, nyumba na watu, kwa kuwa ndiko familia nyingi zinakoachwa peke yao. Tumeyaandika yalivyoulizwa. Mengine yana majibu mafupi, mengine hayana budi kuwa marefu.

Niambieni ukweli. Nitatembea tena?

Inategemea uti wenyewe umeumia kiasi gani, zaidi ya mfupa ulivyovunjika. Uti wa mgongo hupita ndani ya pingili za mifupa ya mgongo, ukishusha amri kutoka kwenye ubongo na kupandisha hisia. Ukipondwa au kukatika, mawasiliano ya chini ya hapo hupungua au husimama. Wiki za mwanzo uti huwa bado uko katika mshtuko, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza si hukumu. Daktari hupima nguvu na hisia mpaka eneo la njia ya haja kubwa, na wagonjwa wengine hukasirika wakiona wanadhalilishwa. Daktari ana sababu: hisia ikiwapo pale, jeraha si kamili, yaani mawasiliano hayajakatika yote, na nafasi ya nguvu kurudi ni kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya kile kitakachorudi huonekana ndani ya miezi 6 hadi mwaka wa kwanza, ingawa mabadiliko madogo huweza kuendelea hata baada ya hapo.

Kuhusu matumaini, shika mengi kadiri upendavyo, ila usiyaweke maisha rehani. Tumewaona watu wanaoahirisha kila kitu mpaka "nikishapona": kuhudhuria harusi ya dada, kupaka chumba rangi, hata kunyoa nywele. Fanya mazoezi kwa bidii ya mtu anayetarajia kusimama, na ujifunze kiti mwendo kwa bidii ya mtu mwenye safari kesho asubuhi. Mambo haya mawili hayagombani.

Daktari alimwita kaka yangu pembeni akamweleza. Mgonjwa ni mimi, na sijaambiwa kitu.

Kwetu ni kawaida kumficha mgonjwa habari nzito ili asivunjike moyo. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Mgonjwa anaona nyuso, anasikia mazungumzo yakikatika anapofumbua macho. Anabaki na hofu ile ile, isipokuwa sasa hana wa kuizungumza naye.

Mwombe daktari akueleze wewe, ukiwa na mtu mmoja unayemwamini kando yako. Muulize: jeraha liko usawa gani, ni kamili au si kamili, nitarajie nini kuhusu mkojo, haja kubwa na tendo la ndoa. Kaka aandike majibu kwenye daftari, kwa maana siku hiyo masikio yako hayatashika yote. Na nyinyi ndugu, si lazima kumwaga kila kitu kwa kikao kimoja. Jibuni alichouliza, kwa ukweli, kisha subirini aulize tena.

Mdogo wangu hajalia hata mara moja. Anacheka na wageni. Tumeambiwa lazima kwanza apitie hasira na huzuni ndipo akubali. Je, tumchokoze alie?

Msimchokoze. Hakuna ngazi ambazo kila aliyeumia huzipanda moja baada ya nyingine. Tafiti zilizowafuatilia watu tangu siku za kuumia zinaonyesha kwamba walio wengi hawaingii kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kabisa. Wanahuzunika, ndiyo, lakini wanaendelea kula, kupanga na kutania. Wengine hulia mwezi wa kwanza. Wengine hulia baada ya mwaka, siku isiyo na sababu yoyote inayoonekana.

Kipindi cha kumwangalia kwa karibu ni kile cha kutoka hospitali. Wodini kulikuwa na wenzake, na kila mtu alikuwa kitandani kama yeye. Nyumbani anakuta viatu vyake vya mpira mlangoni na pikipiki yake imeegeshwa uani. Wageni hujaa wiki mbili, halafu hupungua. Hapo ndipo wengi huzama.

Nitatofautishaje huzuni ya kawaida na ugonjwa?

Huzuni ya kawaida huja na kupoa. Mtu analia asubuhi, jioni anauliza Coastal Union wametoka ngapi. Sonona hukaa. Ikipita wiki mbili mfululizo, sehemu kubwa ya siku, mtu hafurahii chochote alichokipenda, anajiona mzigo, anajilaumu, usingizi umeharibika, hataki kula wala kugeuzwa, mpeleke hospitali. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kati ya asilimia 20 na 30 ya watu walioumia uti wa mgongo huonyesha dalili za sonona zinazohitaji kuangaliwa. Ni wengi, na inatibika kwa mazungumzo na mshauri nasaha, kwa dawa, au vyote viwili.

Tahadhari moja: kuchoka, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi vinaweza pia kutokana na maambukizi ya mkojo, kidonda kilichojificha kwenye makalio au maumivu. Mwombe daktari avikague vyote. Kinyume chake pia hutokea: tumewakuta wagonjwa wanaopewa dawa za mkojo mwezi hata mwezi na hakuna aliyewahi kuwauliza mioyo yao ikoje.

Baba anasema bora angekufa pale pale. Tunaogopa hata kuligusa neno hilo.

Liguseni. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulisema. Muulize kwa utulivu, mkiwa wawili: "Baba, ukisema hivyo, unafikiria kujitoa uhai? Umeshapanga namna?" Akiwa na mpango, asiachwe peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Ondoeni chumbani dawa za kuulia wadudu, rundo la vidonge, visu na kamba. Kukataa chakula, kukataa kugeuzwa, au kukataa dawa bila maelezo ni aina nyingine ya kusema jambo hilo hilo. Msimjibu kwa "usikufuru". Amechoka, na anawaambia nyinyi kwa sababu bado anawaamini.

Wazee wanasema amechezewa. Amepanda minazi tangu mtoto, iweje leo umtupe? Twende kwa mganga?

Swali la "kwa nini leo, kwa nini yeye" ni la kweli, na hospitali hailijibu. Mgema aliyepanda mnazi ule ule miaka yote ana haki ya kuliuliza. Kisomo, dua, maombi ya kanisani havina ubaya, na wengi hupata humo nguvu za kuvuka usiku.

Tunaogopa mambo matatu. La kwanza ni moto, mafusho na chupa za maji ya moto kwenye ngozi isiyohisi: mtu anaungua mpaka nyama bila kujua. La pili ni shamba kuuzwa. La tatu ndilo linalotuuma zaidi, nalo ni kutajiwa mbaya wake. Akitajwa shangazi, shangazi hakanyagi tena. Akitajwa jirani, vijana wa jirani hawaji tena kumwinua. Nyumba iliyohitaji mikono kumi inabaki na ya mama peke yake.

Kwa nini hataki kutoka nje? Hata barazani hapo anakataa. Amekata tamaa?

Kabla hujasema amekata tamaa, uliza habari za mkojo na choo. Tukiingia nyumba tunayoambiwa "amejifungia", mara nyingi sana tunakuta mtu anayeogopa kujikojolea mbele za watu, au kutoa harufu bila kujua. Kwa mtu mzima, kwa baba wa watu, hiyo ni hofu kubwa kuliko kuonwa kwenye kiti. Hatoki kwa sababu amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Ukimhubiria ushujaa unamwongezea aibu.

Kwa hiyo tunaanzia huko. Mkojo una njia zake. Kuna mpira wa kukaa nao, wenye mfuko unaofichika vizuri chini ya kikoi, kanzu au dera. Kuna pia kuingiza mpira safi mwenyewe, kutoa mkojo na kuutoa mpira, kila baada ya saa 4 hadi 6. Njia hii ya pili, kwa anayeiweza, huleta maambukizi machache na humwacha mtu huru zaidi. Muuguzi anaweza kumfundisha yeye mwenyewe akiwa na mikono yenye nguvu, na ni vizuri afundishwe yeye kabla ya mkewe. Haja kubwa nayo hufundishika. Chagueni saa moja isiyobadilika, dakika 20 hadi 30 baada ya kunywa chai, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo wa chini huamka. Kila siku au siku moja baada ya nyingine, wakati ule ule. Mwili huzoea baada ya wiki kadhaa. Msimpunguzie maji ya kunywa ili asikojoe. Atapata mawe na maambukizi.

Mtu akishajua kwamba ikifika saa tatu asubuhi amemaliza na amekauka, mazungumzo ya kutoka yanakuwa mengine kabisa. Aanze na baraza asubuhi na mapema, mtaa haujachangamka. Kisha dukani. Kisha sokoni Mgandini, akiwa na rafiki anayejua afanye nini mambo yakiharibika, na nguo ya kubadili kwenye mfuko.

Tunamfanyia kila kitu, lakini ndio kwanza anakuwa mkali. Tumemkosea nini?

Tulikaa na familia moja Mwanzange. Kijana alikuwa kwenye mkeka, kapooza miguu, mikono mizima kabisa. Tukamuuliza atakunywa chai au uji. Mama akajibu, "Chai, uji haupendi." Dada akaleta chai. Mjomba akatia sukari, akakoroga, akamshikia kikombe mdomoni. Kijana akageuza uso ukutani, na wote wakatutazama kana kwamba wanasema, mnaona alivyo?

Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Walimpenda mpaka wakambakisha bila kazi hata ya kukoroga sukari. Kuna vitu mwili umeshamnyang'anya, na kila tunachomfanyia ilhali anakiweza tunakiongeza kwenye hesabu hiyo. Ukali ule ulikuwa ni mtu anayedai alichobakiwa nacho.

Rudisheni kidogo kidogo. Aamue saa ya kuoga na nguo ya kuvaa. Ashike simu yake na pesa zake. Muulizeni kabla ya kumnyanyua; mgongo wake si gunia. Atakawia kuvaa shati, dakika ishirini badala ya mbili, na nyinyi kaeni mikono mapajani mngoje. Baba bado ni baba: posa ya binti ikija, wazee waingie chumbani kwake. Mama bado ana jiko lake. Kuna mama wa Pongwe ambaye seremala wa mtaani alimwinulia mbuzi ya kukunia nazi juu ya benchi, usawa wa kiti chake. Siku aliyokuna nazi mbili kwa ajili ya wali wa wageni, wakwe zake walishindwa la kusema. Alikuwa amekaa miezi akipikiwa jikoni mwake.

Watu wakija kumtazama tuwaambie wasemeje?

Wamsalimu yeye kwanza, wakae usawa wa macho yake, wamletee habari za mtaa. "Pole" moja inatosha. Hadithi za jirani aliyepona kwa dawa fulani ya Handeni wazibakishe nje. Na wasimwulize mke, akiwapo mwenyewe, "Anakula?"

Nina mpira wa mkojo. Sala yangu inasihi? Kanisani je?

Wengi wameacha sala kwa kudhani hawana tohara, na kuacha huko kumewaumiza kuliko jeraha. Mafundisho ni mepesi kuliko wanavyodhani. Mtume amefundisha kusali kwa kusimama, asiyeweza akae, asiyeweza alale ubavu. Mtu ambaye mkojo hauzuiliki anahesabiwa mwenye udhuru: anajisafisha kadiri awezavyo na kutia udhu kwa ajili ya kila sala ya faradhi wakati wake ukiingia. Maji yakimshinda, kuna kutayamamu. Undani wake mwulize sheikh wako, na kama hawezi kuulizwa msikitini kwa sababu ya ngazi, aje nyumbani. Tuliowaomba walikuja.

Kwa Wakristo neno tunalosikia ni "nawasumbua watu kunibeba". Wazee wa kanisa waweke ubao wa kupandia mlangoni, na wamwachie nafasi katikati ya watu. Asiwekwe pembeni mbele kama kitu cha kuombewa kila Jumapili.

Na mambo ya ndoa? Samahani kuuliza.

Usiombe samahani. Swali hili huulizwa wakati tumeshavaa viatu, tukiwa mlangoni, na ndilo lililokuwa likimkosesha mtu usingizi.

Hamu haikai miguuni. Kwa mwanamume, kusimama kwa uume huweza kuja kwa kuguswa hata pale fikra peke yake haizai kitu, kutegemea usawa wa jeraha. Zipo dawa kama sildenafili zinazowasaidia wengi, lakini ziandikwe na daktari: ni hatari kwa anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, na zinaweza kuteremsha presha sana kwa aliyeumia juu. Kutoa mbegu huwa kugumu zaidi, na uwezo wa kuzaa hupungua, lakini hospitali kubwa zina njia za kusaidia. Kwa mwanamke, hedhi mara nyingi husimama miezi michache kisha hurudi, na uwezo wa kushika mimba hurudi nayo. Aliyeambiwa "wewe huzai tena" amedanganywa, na asiyetaka mimba anahitaji uzazi wa mpango kama mwingine yeyote. Mjamzito mwenye jeraha amwambie mkunga mapema, aanze kliniki mapema, na ajifungulie hospitali.

Mengine ni ya kujifunza upya wawili. Toeni mkojo kabla. Tafuteni mahali ambapo ngozi bado inahisi: shingo, masikio, mkono, mpaka wa hisia na ganzi. Mwambieni somo wa bibi, yaani kungwi wake, ikiwa yupo na ana siri. Masomo wa pwani wanajua mengi kuhusu mapenzi yasiyotegemea miguu. Tunashauri pia, kila inapowezekana, anayembadilisha mume mpira asiwe mke peke yake. Mdogo wa kiume akichukua zamu ya asubuhi, mke anabaki na nafasi ya kuwa mke usiku.

Mke wangu bado kijana. Nimwachie talaka yake aende akaishi?

Umemuuliza? Wanaume wengi hufikia uamuzi huu peke yao, usiku, na kumtangazia kama zawadi. Yeye anausikia kama kufukuzwa. Zipo ndoa zinazovunjika baada ya ajali, hatufichi, na zipo zinazodumu. Tulivyoona, zinazovunjwa na usiri, ulevi na ndugu wa mume wanaomsimamia mke kama mtumishi ni nyingi kuliko zinazovunjwa na ulemavu wenyewe. Kaeni wawili, mlango umefungwa, muongee. Msiamue jambo kubwa namna hii miezi ya mwanzo.

Mimi ndiye ninayemuuguza. Nimechoka mpaka namchukia. Ni dhambi?

Ni uchovu, mama yangu. Anayemgeuza mtu kila saa 2 usiku kucha, akaamka kufua mashuka, akaenda sokoni, atamchukia hata malaika. Chuki hiyo hupungua mtu akilala. Familia ikae kikao, na kikao kitoke na majina na siku: Jumanne na Ijumaa usiku ni zamu ya fulani. "Tutasaidiana" haijawahi kumgeuza mgonjwa. Wanaume wa nyumba wamo. Aliye Dar es Salaam na hawezi kuja alipe mtu wa kufua. Na wewe uwe na alasiri moja kwa wiki ambayo hakuna anayekuuliza uko wapi.

Watoto tuwaambie nini?

Ukweli mfupi. "Baba aliumia mgongo, miguu haina nguvu, si kosa la mtu, wala haiambukizi." Watoto wadogo hujilaumu kimya kimya. Waacheni wamkalie, wamletee daftari la hesabu. Binti mkubwa asiachishwe shule ili auguze; hilo tunaligombania kila mara.

Miguu haisikii kitu, lakini inawaka moto usiku. Wenzangu wanasema nazua.

Huzui. Neva zilizoumia hutuma taarifa za maumivu kutoka sehemu ambayo ngozi yake ni ganzi. Paracetamol haisaidii sana. Madaktari hutumia dawa kama amitriptilini, gabapentini au pregabalini, na huanza na dozi ndogo. Maumivu yasiyoaminiwa na watu wa nyumbani hugeuka upweke haraka, kwa hiyo mlete na yule anayesema unazua, amsikie daktari mwenyewe. Pombe ya mnazi hupoza kwa saa chache, kisha huharibu usingizi, kibofu na mfuko.

Kuna maumivu ambayo hayangoji kesho. Aliyeumia usawa wa chembe ya moyo au juu zaidi, akipatwa ghafla na kichwa kinachogonga, jasho na wekundu usoni, presha yake inapanda kwa hatari. Mketisheni wima, mlegezeeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja au kuziba, kisha kama haja kubwa imemkwama. Isipotulia mara moja, hospitali. Andikeni maelezo haya kwenye karatasi atembee nayo, kwa sababu si kila zahanati inaijua hali hii.

Nikikaa kwenye kiti mwendo, si ndiyo nimekubali kushindwa?

Kiti kinakupeleka msibani, sokoni na kwenye mkutano wa mtaa. Kitanda hakikupeleki popote. Waliokikataa kwa muda mrefu zaidi ndio waliotuletea vidonda vibaya zaidi vya kulalia.

Ila kiwe kiti chako. Kiti kipana cha hospitali kinakupinda mgongo na kukuchubua. Kipimwe upana wa nyonga zako, kiwe na mto mzuri, na kwa mchanga wa mitaa yetu tafuta chenye gurudumu kubwa la mbele au cha magurudumu matatu. Kila dakika 15 hadi 30 jinyanyue au egemea mbele, ngozi ipumue. Kioo cha mkononi asubuhi na jioni kikague makalio na visigino.

Nyumba nayo ibadilike. Baraza lenye kimo cha sentimita 30 linahitaji mteremko wa urefu wa mita 3 na sentimita 60, kwa kanuni ya moja kwa kumi na mbili. Mwinuko mkali kuliko huo humlazimu kusukumwa na mtu kila mara. Choo cha kuchuchumaa huwekewa kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, chenye miguu iliyoimarishwa. Mlango ukitanuliwa kufikia sentimita 90 mtu anaingia mwenyewe. Fundi wa mtaani huweza yote hayo, na nyumba ambayo mtu anaweza kwenda chooni mwenyewe imemfariji kuliko maneno yetu sote.

Nilikuwa bodaboda. Sasa nitakula nini?

Kwanza dai haki yako kabla kumbukumbu hazijapotea. Kama uligongwa au ulipata ajali barabarani, hakikisha fomu ya polisi, PF3, ipo, na ufuatilie bima ya chombo kilichohusika. Kama uliumia ukiwa kazini kwa mwajiri, uliza Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Halmashauri zimetakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Utekelezaji ni hafifu, nasi hatuoni sababu ya kunyamaza juu yake.

Kazi yenyewe ianzie kwenye ulichokijua. Mvuvi wa Deep Sea anajua kushona nyavu, na nyavu hushonwa mtu amekaa. Bodaboda anajua pikipiki na anajua watu; uwakala wa pesa, kuuza vipuri, kusimamia pikipiki za wengine vyote vinamfaa. Kipato cha mwanzo huwa kidogo. Lakini mtu anayetoa hela ya mboga asubuhi husikilizwa tofauti jioni.

Tunapata wapi wenzetu?

Anzia kwa mtaalamu wa fiziotherapia na afisa ustawi wa jamii wa Bombo, waulize ni nani aliyeumia zamani na anaishi vizuri. Uliza tawi la CHAWATA, chama cha watu wenye ulemavu. Waliotibiwa hospitali kubwa za MOI Muhimbili au KCMC Moshi huwa bado wana namba za waliolala nao wodini, wapigiane. Saa moja na mtu aliye kwenye kiti, mwenye duka na watoto, hufanya kazi ambayo sisi tunaotembea hatuiwezi. Anaweza kuulizwa: unajisaidiaje ukiwa safarini? Mkeo alisemaje? Siku ya kwanza kutoka ulivaa nini?

Michezo pia inarudisha watu kwa watu. Daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo cha waliopooza huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliwapa wagonjwa wake kazi na michezo wakati ambapo waliopooza walilazwa tu wakingoja kufa. Mwaka 1948 aliwashindanisha 16 kwa upinde na mshale, na mashindano ya Paralimpiki yametokea hapo. Vijana wetu wanaanza na bao na karata barazani. Inatosha kuanzia.

Mjomba aliumia miaka mingi iliyopita na yuko ndani tu. Tumeshachelewa?

Hamjachelewa. Mwili wa zamani hufundishika, na mtu wa zamani pia. Nendeni naye hospitali akakaguliwe upya: ngozi, kibofu, figo, maumivu, sonona, na kiti kama bado kinamtosha. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumfundisha njia ya mkojo ya kisasa, wala kumuuliza kama angependa kutoka. Kabla ya yote ingieni chumbani kwake, mkae, mumuulize yeye anataka nini kwanza. Huenda akataja jambo dogo ambalo hamkulitarajia, kama kunyolewa na kinyozi wake wa zamani kule Barabara ya Kumi na Mbili. Mpelekeni.